Poka: ukipigwa na karata ya mwisho, unajizuiaje usiwake?

KijanaWaTudor

Asalaam aleikum na habari za jioni kwa wote.

Nina swali kwa wanaocheza poka, hasa hii ya Texas ya karata mbili mkononi na tano mezani. Sisi hucheza Jumamosi usiku juu ya dari kwa rafiki yetu hapa Tudor, watu sita, tunajuana tangu shule ya msingi. Kila mmoja anaweka shilingi 500. Ukiishiwa unaruhusiwa kununua tena mara moja, basi. Si pesa ya kumlaza mtu njaa, ndiyo maana nashangaa kwa nini inaniuma hivi.

Jumamosi iliyopita nilipata ree mbili, karata kubwa kuliko zote, ya shupaza na ya kopa. Nikaongeza dau, wote wakatupa karata isipokuwa mmoja, huyu anauza vipuri vya tuktuk, mtu wa kelele lakini roho yake safi. Akaongeza juu yangu, nikaweka chipu zangu zote (vile vidonge vya mezani vinavyosimama badala ya pesa), akalipia. Tukafunua: ana kingi mbili. Flopu, yaani karata tatu za kwanza mezani, ikaja tisa, nne na mbili. Ya nne ikaja saba. Riva, yaani ya tano na ya mwisho, ikaja kingi ya uru, akawa na kingi tatu. Jamaa akaruka, akapiga makofi mpaka watu wa nyumba ya pili wakachungulia dirishani.

Mimi nilitabasamu nikampa mkono. Ndani nilikuwa nachemka. Nikanunua tena, na kuanzia hapo nikawa namwinda yeye tu, kana kwamba wengine wanne hawapo mezani. Karata ambazo siku zote nazitupa, nikawa nazilipia kwa sababu yeye yumo.

Sasa sitaki kufundishwa karata gani ya kucheza na ipi ya kutupa, hilo nalijua. Nataka kujua ule moto unazimwaje pale pale. Watu huniambia “usijali, ni mchezo tu”. Hainisaidii, kwa sababu najali na nataka kuendelea kujali. Asiyejali hafikirii, anasukuma chipu tu.

Na la pili, dogo: nikishika karata nzuri mikono inatetemeka wakati wa kuweka dau. Uso naweza kuukaza mpaka ukawa kama ukuta. Mikono hainisikii. Nyinyi mnafanyaje?

Mwalimu_wa_Likoni

Kijana, mimi nasomesha hesabu, kwa hiyo nitaanza na ile karata yenyewe. Hasira nyingi za mezani huzaliwa na kudhani umedhulumiwa.

Ree mbili dhidi ya kingi mbili, kabla ya karata yoyote kufunguliwa mezani, hushinda takriban mara 82 katika 100. Zile 18 zilizobaki ni za kingi. Kwa hiyo kilichokupata hutokea zaidi ya mara moja katika kila sita. Tena hapo mlikuwa wawili tu. Mngebaki wote sita mpaka mwisho bila mtu kutupa, ree mbili zingeshinda takriban nusu ya mara, na nusu ya pili mngekuwa mnauliza nani kakuroga.

Najua kwa nini riva iliuma kuliko hivyo. Mlipofika pale, karata nane zilikuwa wazi mbele yenu na 44 hazijulikani, na katika hizo 44 kingi zilikuwa mbili. Ni moja kwa 22, chini kidogo ya asilimia 5. Moyo ulikwisha hesabu ile pesa kuwa yako. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba kupoteza kitu kunauma kuliko kupata kitu cha thamani ile ile kunavyofurahisha. Wewe ulipoteza mara mbili kwa wakati mmoja: 500 uliyokuja nayo, na ile uliyoihesabu kabla hujapewa.

Ninachowaambia wanafunzi wangu wakikosea mtihani, nakwambia na wewe: weka daftari. Usiandike umeshinda au umeshindwa. Andika pesa ilipoingia nani alikuwa mbele, na kwa kiasi gani. Jumamosi ile ungeandika “niliweka zote nikiwa na 82” na ungefunga daftari ukiwa mtu aliyecheza vizuri.

MzeeWaBaraza

Wa aleikum salaam mwanangu. Mimi sichezi karata za pesa na sababu yake sitakuficha. Kamari imekatazwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90, na aya inayofuata imetaja kwa nini: shetani anataka kutia uadui na chuki baina yenu kwa ulevi na kamari. Hebu rudia kusoma uliyoandika mwenyewe. Mtu mliyekua pamoja, umesema roho yake safi, na ukamwinda usiku kucha kwa shilingi 500. Aya imekuelezea hali yako kabla hujaniuliza. Nasema kwa mapenzi, wala sikufukuzi.

Ama hasira, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha wenzake, ni yule anayejimiliki anapoghadhibika. Akafundisha pia kwamba mwenye hasira akiwa amesimama na akae, na ikiwa haijamwondoka na alale. Mimi naielewa hivi: anza na mwili, moyo utafuata.

Hapa kwetu Kibokoni tunacheza dhumna kila baada ya Alasiri. Mtu akianza kubamiza vipande mezani, hatumkemei wala hatumtoi. Tunamtuma kahawa. Akienda kwa muuza kahawa, akasubiri dele lipate moto, akarudi na vikombe na kashata bila kumwagia watu, mkono umekwisha tulia na hakuna aliyemvunjia heshima. Vijana wamekuwa wakipinga mambo yetu mengi, hili hawajalipinga.

Jaribuni mwezi mmoja bila pesa. Kama mchezo unawapendeza kwa akili yake, utabaki kupendeza.

KijanaWaTudor

Shikamoo mzee. Nimeisoma na nimeipokea, na nitaipeleka kwa wenzangu kama ilivyo, bila kuipunguza. Mwalimu, daftari nimelinunua leo Makadara.

Bado nasubiri mtu aliyekaa kwenye meza kubwa atuambie la mikono.

BiMgawaKarata

Nimegawa karata kwenye kasino moja upande wa Nyali kwa muda mrefu. Niliacha nilipopata mtoto wa pili, siku hizi nashona Bamburi. Kwa hiyo nitakayosema nimeyaona nikiwa upande wa pili wa meza, mahali ambapo hushindi wala hushindwi, kazi yako ni kutazama. Na mgawaji hatazami nyuso. Macho yake yako chini, kwenye chipu na kwenye mikono ya watu.

Basi nianze na mikono. Kutetemeka ukipata karata nzuri ni jambo la mwili, adrenalini, ile homoni ya msisimko, imemwagika. Wageni wengi hudhani anayetetemeka anadanganya. Mimi niliona kinyume chake mara nyingi: anayetetemeka ameshika kitu, anayedanganya hujikaza akawa mkavu, hata kutafuna anaacha. Mwaka 2013 mtafiti wa saikolojia Michael Slepian na wenzake walichapisha utafiti juu ya jambo hili. Waliwaonyesha watu video za mashindano ya dunia ya poka ya 2009, wengine wakaonyeshwa uso tu, wengine mikono tu inaposukuma chipu. Waliotazama nyuso walipotea. Waliotazama mikono walikisia ubora wa karata vizuri kuliko kubahatisha. Kwa hiyo wewe na uso wako wa ukuta unajichosha pasipo sababu. Hiyo juhudi ihamishie mikononi.

Fanya hivi. Kabla hujagusa chipu, laza kiganja juu ya meza mpaka uhisi kitambaa. Taja dau kwa mdomo, “mia mbili”. Kisha zisukume zote pamoja, mkono mmoja, mwendo mmoja. Usizidondoshe moja moja, hapo ndipo mtetemo unapoonekana. Na mwendo huo uwe ule ule ukiwa na ree, ukiwa na karata ya kati, ukiwa unadanganya, ukiwa umechoka. Sisi tulifundishwa hivyo kabla ya kuruhusiwa kukaa mezani. Kila karata inatoka kwa mwendo mmoja. Moja inawekwa kando kifudifudi kabla ya flopu, nyingine kabla ya karata ya nne, nyingine kabla ya riva. Ukiondoka mezani unapiga viganja na kuvigeuza juu na chini ili kamera ione hujabeba kitu. Mwanzo nilidhani yote ni kwa ajili ya wizi. Kisha nikaona mazoea yale yananishika mimi mwenyewe. Mtu anakutukania mama yako kwa sababu ya riva, nawe mkono wako tayari una kazi: kusanya, changanya, gawa. Hukupata nafasi ya kumjibu, na dakika mbili baadaye unashukuru hukumjibu.

Sasa moto wenyewe.

Wachezaji wanaowaka kwa kelele hawakunitia wasiwasi. Analaani, anapiga meza, yanaisha. Niliyekuwa nikimchunga ni anayetabasamu na kutoa mkono kama ulivyofanya wewe. Huyo utaona anaanza kuangalia karata zake haraka kuliko alivyokuwa akiziangalia saa moja iliyopita. Jeki na nne za rangi tofauti, ambazo angezitupa bila kufikiri, anazilipia. Shingo yake yote imeelekea kiti kimoja. Na mezani wanajua! Usidhani hawajui. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi: anaruka kwa ghadhabu, anatua mwenyewe ndani ya mtumbwi. Wachezaji wazuri wakikuona umefika hapo hawakufanyii lolote, wanakaa na karata nzuri na kukungoja.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, ana duka Mwembe Tayari, mtu mzima, mpole. Alipopigwa vibaya alikuwa halalamiki wala hatabasamu. Anasukuma chipu za watu, anainuka, anakwenda kunawa uso na mikono mpaka viwikoni, anarudi kukaa. Halafu raundi mbili nzima anazitupa karata zake bila kuzifunua. Kuzitupa bila kuziangalia! Nilikuwa najiuliza, je kama ni ree mbili? Siku moja anaondoka nikamuuliza. Akaniambia raundi mbili zile atakuwa bado anaicheza riva iliyopita, hata akipewa ree ataziharibu, kwa hiyo bora akae nje na alipe blaindi tu, lile dau la lazima la zamu kabla ya karata kugawiwa. Na hakuwa akiamua pale pale. Aliliamua zamani, akawa analifuata kila mara, siku ya kushinda na siku ya kushindwa.

Mimi naamini siri yote iko hapo. Kuutuliza moyo huku karata mpya zimekwisha gawiwa haiwezekani. Adrenalini ikishaingia mwilini haitoki kwa sababu umeiambia itoke, na raundi mpya inakuja chini ya dakika moja. Amua mchana, ukiwa unakunywa chai yako: nikipoteza dau kubwa nikiwa mbele, nitafanya kitu gani kwa miguu na mikono yangu. Kitu cha kuonekana, si “nitatulia”. Nyinyi mnacheza darini, mna bahati ya ngazi. Shuka mpaka chini, chota maji, panda tena polepole, na ukipanda toa pumzi ndefu kuliko uliyovuta. Raundi mbili zimepita, umekosa nini? Blaindi. Tena huenda siku hiyo hata haikufika zamu yako ya kuilipa.

Kununua tena nako kuamuliwe nyumbani. Kama umekubali mara moja, acha nusu saa ipite kwanza, uwe unatazama wenzako. Nimewaona watu wakinunua wakiwa bado wamesimama, kiti kimesogezwa nyuma, simu mkononi wanatuma pesa. Simkumbuki hata mmoja aliyecheza kwa akili baada ya kununua amesimama. Simu imelizidisha jambo hili, nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona nyumba za watu. Zamani mtu akiishiwa alikuwa aende mpaka mashine ya benki, njiani upepo unampiga, wengine hawakurudi na walifanya la maana. Siku hizi mkopo wa simu unaingia kabla sijamaliza kuchanganya. Simu zenu zote zikae kwenye sufuria jikoni kwa mwenye nyumba mpaka mchezo uishe, hata kama ni 500.

Na huyo wa vipuri vya tuktuk umwache. Kingi mbili ni karata ya pili kwa ubora kati ya zote za kuanzia. Wewe ungezishika usingezitupa. Kinachowawasha watu si kushindwa tu, ni kudhani aliyeshinda hakustahili, na yeye hakukosea hata kidogo.

Nahodha_Mtongwe

Bi Mgawa amemaliza mengi, lakini naona mnaruka kitu cha wazi. Mnaanza saa ngapi na mnamaliza saa ngapi? Mtu ameshinda juani siku nzima, Jumamosi joto la Kaskazi halipungui hata usiku, hajala ila viazi karai alivyonunua barabarani, saa saba usiku anapewa ree mbili. Huyo hata akiulizwa jina atakasirika.

Kazini kwangu majini tunapumzisha mtu kabla hajakosea. Sisubiri aanze kugombana. Wekeni saa ya kumaliza, na iwe saa, isiwe “mpaka mtu aishiwe”. Kuleni wali kwanza. Mimi na shemeji zangu tunacheza mpaka saa tano u nusu na ugomvi mkubwa tuliowahi kuwa nao ulikuwa wa mpira.

KijanaWaTudor

Ahsanteni sana, hasa Bi Mgawa, nimeisoma mara mbili na nimewatumia wenzangu. Nahodha, sisi huanza saa tatu usiku baada ya Isha na kumaliza hatujui, umenigusa.

Nina mawili yamebaki. Moja: mbona Phil Hellmuth, yule mchezaji poka maarufu wa Marekani, analalamika kwenye kila meza, anawaambia watu hawajui kucheza, na bado ana bangili 17 za ushindi wa mashindano ya dunia, hakuna mwenye nyingi kama yeye? Yeye hajatulia hata siku moja na anashinda. Huenda utulivu si lazima kwa kila mtu?

La pili: yule rafiki yangu sina ubaya naye, nimemwambia hivyo na tumecheka. Lakini makofi yake na kuruka kwake vinawasha watu wote, si mimi peke yangu. Nikimwambia ataona nimeumia. Nisipomwambia, Jumamosi ijayo atamfanyia mwingine ambaye si mvumilivu. Kuna mmoja wetu mkono wake ni mwepesi wa kupiga.

BiMgawaKarata

Hellmuth nimemwona kwenye video tu, kwa hiyo nitasema nilichoona. Alichukua ubingwa wa dunia wa 1989 akiwa na miaka 24, akimshinda Johnny Chan aliyekuwa ametwaa miaka miwili mfululizo. Huwezi kufanya hivyo kama hasira zako ndizo zinazoweka dau. Ukimtazama vizuri, kelele zake nyingi zinakuja karata zikishafunuliwa, pesa imeshakwenda. Anasimama, anazunguka, anahutubia. Raundi inayofuata anakaa na kutupa karata mbovu kama kawaida yake. Mdomo wake unawaka, chipu zake zimekaa mahali pake. Kwako ilikuwa kinyume, mdomo ulitulia na chipu zikawaka. Kama ningelazimika kuchagua ningechagua la kwake, ila wenzake mezani sijui wanamvumiliaje, na nyinyi ni marafiki.

Kwa hiyo ukitaka kulalamika, lalamika! Sema “wallahi imeniuma”, kwa sauti, mara moja. Kuna watu wanafunga mdomo wakidhani ndiyo heshima, kisha inatokea kwenye dau.

La rafiki yako, usimwambie wewe. Mwenye nyumba ndiye aseme, na aseme kabla ya karata ya kwanza, iwe sheria ya wote: atakayeshinda dau la kuweka zote, yeye ndiye anachanganya na kugawa raundi inayofuata. Mchanganyo wa kweli, wa kugawa karata nusu mbili na kuzipitisha ndani ya nyingine. Wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha mwaka 1992 kwamba inahitaji takriban mara saba ndipo karata 52 zichanganyike sawasawa. Mkono wake ukiwa na kazi hiyo, kushangilia kutakuwa kwa mdomo tu na kutaisha haraka. Huyo wenu wa mkono mwepesi mumkalishe mbali, asikabiliane uso kwa uso na mshangiliaji, na mumpe kazi ya kutunza chipu. Nimeona mara nyingi mtu aliyepewa jukumu mezani anajizuia kuliko aliyeombwa ajizuie.

Mtu akisema karata zimepangwa, msibishane naye, mpeni achanganye upya mwenyewe. Na angalieni migongo ya karata zenu. Hizi za karatasi kwa unyevu wetu huku pwani hujikunja na kuchubuka pembe upesi, na mtu akishaitambua ree kwa pembe yake hakuna mazoezi ya pumzi yatakayowasaidia. Za plastiki zinateleza mkononi kwa asiyezoea lakini zinafutika kwa kitambaa na zinadumu, nunueni hizo, mchange wote sita.